Joto Lisiloonekana kwenye Mita

Kama kuna kitu kilichomkera Inspekta kuliko chai iliyopoa, ni jibu moja linalotoka midomoni mwa watu wote na bado halisaidii kitu. Tangu jana alikuwa analishwa jibu hilohilo mpaka likamkaa kooni.

"Joto," alisema mwendesha mashine.

"Joto, mama, we acha tu," alisema mfagiaji.

"Afande, mle ndani kulikuwa na joto, ndiyo maana niliuacha mlango wazi," alisema fundi umeme mwenyewe, akiwa mahabusu bila mkanda wala viatu, na akalirudia kama kasuku kila alipoulizwa.

Haya. Halafu meneja wa kiwanda akaja na mita yake ya kupimia umeme, akaonyesha vipimo vyake, akauliza: joto la wapi?

Swali la mlango ndilo lililokuwa kesi nzima. Katika kiwanda kile cha ndoo na mabeseni, kabati la kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, lilikuwa limelipuka mchana kweupe. Chumba cha umeme kina mlango wa chuma, na juu yake imeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ufungwe wakati wote. Ungekuwa umefungwa, mlipuko ungeishia ndani na hasara ingekuwa ya vyuma. Ulikuwa wazi. Mpakiaji alikuwa anapita na toroli lake la mabeseni, moto ukamtokea usoni. Sasa amelazwa, macho yamefungwa bandeji, na daktari hataki kusema kama yataona tena.

Angekuwa mpakiaji mwingine, watu wangesema bahati mbaya. Lakini huyu ni mume wa dada yake fundi, na siku chache kabla, mashemeji hao walishikana mashati langoni mwa kiwanda, watu wote wakiona, kwa ajili ya kiwanja alichoacha marehemu baba yake fundi. Ufunguo wa chumba cha umeme anao fundi peke yake. Asubuhi ile alionekana akikifungua. Mkuu wa kituo alishajumlisha moja na moja, akapata jela.

"Nataka jalada mezani kwangu kabla sijatoka leo," alimwambia Inspekta. "Kesho mtu wako asimame mahakamani. Na usiniletee hadithi za joto."

"Si mtu wangu, afande."

"Basi mbona unamlea?"

Inspekta alimeza jibu kwa sababu cheo ni cheo. Kituoni walishambandika jina la Bibi Kwanini, na leo kwa nini yake ilikuwa moja: mtu aliyepanga kumuunguza shemeji yake, kwa nini abaki palepale na kumzima moto kwa viganja vyake mwenyewe? Maana viganja vya fundi vilikuwa na malengelenge, na hakuna aliyetaka kuyaangalia.

Nje ya chumba cha mahojiano, kwenye benchi, alikaa dada yake fundi na bakuli la chakula lililofungwa kwa kitambaa. Alikuwa ametoka hospitali kumlisha mumewe.

"Hicho ni cha kaka yako?" Inspekta aliuliza. "Askari watampelekea."

"Sijakileta nimpe. Nimekileta tu." Mwanamke alikaza fundo la kitambaa. "Afande, mimi sina watu wengine. Huyu ni mume, yule ndiye tumetoka tumbo moja. Niambie ni yeye, nikakimwage hiki mtaroni. Niambie si yeye, nimpe ale. Lakini mtu aniambie, jamani. Nimechoka kukaa katikati."

"Nitakuambia leo," Inspekta alisema, na papo hapo akajuta, maana alikuwa hana hata uzi wa kushika.

*

Meneja wa kiwanda wafanyakazi walimwita Chapchap, na jina lilimkaa. Inspekta alipoingia na Koplo wake, alikuta mashine mbili tayari zinanguruma na ndoo zinatoka.

"Nani amekuruhusu kuwasha?" Inspekta aliwaka. "Hapa ni mahali pa tukio!"

"Vilivyoungua sikuvigusa, Inspekta. Nimelitenga kabati lililolipuka tu, fundi wa kukodi akafunga nyaya. Ndoo hazijitengenezi."

"Haraka haraka haina baraka, mzee," Koplo alisema.

"Baraka hazilipi mishahara," Chapchap akamjibu, wala hakusimama.

Wakamfuata. Kwenye kizingiti cha chumba cha umeme Inspekta akajigonga kidole cha mguu kwenye donge la chuma lililokuwa limeegemezwa kwenye mlango, akaruka kwa mguu mmoja huku akitaja maneno yasiyoandikwa kwenye jalada. Ilikuwa mara ya pili. Jana pia alijigonga palepale, kidole kilekile.

"Hili donge lina kesi na mimi," alisema.

"Tulikamate?" Koplo akauliza, akarudi nyuma alipoona uso wa mkubwa wake.

Ndani palikuwa poa. Hilo ndilo lililomkata maini. Ukutani zilipangwa zile kabati ndogo za kijivu zinazoendesha mota, ambazo kiwandani waliziita draivu. Kabla ya mwaka huu mota zilikuwa na mwendo mmoja, ukiwasha zinakimbia, ukizima zinalala. Draivu zilikuja kuzipa mwendo wa kuchagua na kuokoa umeme. Ng'ambo yake kulikuwa na kabati la kapasita, mlango umepinda nje. Kapasita moja ilikuwa imepasuka vipandevipande. Zilizobaki zilisimama mahali pake kama makopo ya rangi.

Chapchap alibana mita yake kwenye waya mnene wa kuingilia. "Tazama mwenyewe. Waya huu unaweza kubeba zaidi ya mara mbili ya hapo. Hata siku mashine zote zikiwaka haufiki kiwango. Nilimpa fundi mita hii, na kila siku alinisomea namba zilezile. Waya usioelemewa hauchemki. Sasa hilo joto lake lilitoka wapi, jikoni kwa mama yake?"

Swali hilo lilimuudhi Inspekta. Alichuchumaa mbele ya kabati lililopasuka kwa sababu tu hakutaka Chapchap auone uso wake. Ndipo akaona vifuniko.

Kapasita zilizosalia hazikuwa bapa juu. Zilikuwa zimevimba zote, nyingine zaidi, nyingine kidogo, na kwenye mishono zilikuwa zimevuja mafuta. Alipitisha kidole. Mafuta yalikuwa yameganda, na juu yake vumbi la plastiki lilikuwa limekaa tabaka juu ya tabaka, jekundu chini, bluu katikati, jekundu tena juu.

"Ndoo nyekundu mlitengeneza lini?"

"Wiki hii. Wiki iliyopita bluu. Kabla ya hapo nyekundu. Kwani?"

"Koplo, piga picha." Inspekta alisimama. "Hizi zilianza kuvuja kabla hata hao mashemeji hawajagombana. Mtu hawezi kulipiza kisasi cha ugomvi ambao haujatokea."

"Au alianza kuziharibu mapema," Chapchap alisema. "Mtu mwenye chuki hupanga."

Mshenzi alikuwa sahihi. Ushahidi uliokuwa umeanza kumpa pumzi ukageuka ukamng'ata. Simu ikalia mfukoni, Mkuu wa kituo, na Inspekta akaiacha ilie mpaka ikachoka.

*

Mtaalamu ambaye Inspekta alikuwa amemwita alifika mchana, amebeba begi la ngozi lililochakaa pembeni. Alikuwa amefundisha umeme wa viwandani chuo cha ufundi miaka mingi, na kila mtu mjini alimwita Mwalimu, hata polisi.

"Washa mashine zote," alisema kabla hata hajasalimia.

"Jana mlinizima, leo mnaniwasha!" Chapchap alilalamika, lakini akawasha.

Zikanguruma moja baada ya nyingine. Kwanza transfoma iliyokuwa nje ya dirisha ikaanza kukoroma. Halafu taratibu, bila mtu kusema kitu, Koplo akafungua kifungo cha shingoni. Inspekta akajifuta paji la uso. Hewa ilikuwa inazidi kuwa nzito, na alipoweka kiganja karibu na waya wa kuingilia akaurudisha mkono haraka.

"Joto," alisema. Neno lilelile alilolichukia tangu jana, sasa lilitaka kumchekesha.

"Mita yangu haioni joto lolote," Chapchap alisisitiza, akaibana tena. Namba ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mnaona?"

Mwalimu akatoa mita yake kwenye begi, akaibana kwenye waya uleule, kando ya ile ya Chapchap. Mita mbili, waya mmoja, na namba ya Mwalimu iliizidi ile nyingine kwa karibu nusu yake.

"Moja mbovu," Inspekta alisema kwa kukata tamaa. "Na nikipeleka hii mahakamani, wakili atauliza ipi."

"Hakuna mbovu hapo, mama. Hiyo yake ni ya bei rahisi, na husema kweli kwa umeme mtulivu tu. Umeme ukiwa na vurugu, inakisia."

"Vurugu gani? Mwalimu, nina mchana mmoja, sina muhula mzima."

Mwalimu akacheka. "Sikiliza basi. Mota ya zamani inakunywa umeme kama mtu mstaarabu anayekunywa uji. Draivu haina adabu hiyo. Inagugumia funda moja kubwa, inaacha, inagugumia tena. Kwa ugugumiaji huo, umeme kwenye nyaya unapata mawimbi ya ziada juu ya wimbi lake la kawaida. Vitabuni tunayaita haramoniki. Hayafanyi kazi yoyote ya maana. Yanachemsha waya, yanachemsha transfoma, ndiyo maana inakoroma. Na yakikuta kapasita, hukimbilia huko, maana ndiyo njia nyepesi. Hizo zako zimekula vurugu mpaka zikavimbiwa."

"Kwa hiyo hakuna aliyezichezea."

"Sijasema hivyo. Nimesema umeme unaweza kuzipasua. Kama mtu alijua hilo akauachia makusudi, hiyo ni kazi yako."

Lo! Kila mlango aliofungua ulikuwa na mlango mwingine nyuma yake. Inspekta alitamani kupiga kitu teke, akakumbuka kidole chake.

"Na mlishindwa kuzuia?" alimgeukia Chapchap.

"Muuzaji wa draivu alitaka kuniuzia chujio la kutuliza vurugu hiyo. Kabati zima, bei ya nyumba! Nikamwambia kwa ndoo hizi nitalirudisha lini? Akasema basi angalau koili, moja kwa kila draivu, hizo ni nafuu, na kapasita nazo ziwekewe za kwao baadaye. Za draivu nikakubali. Nikalipa. Zikaja kwenye sanduku lake, nikamkabidhi fundi." Alinyoosha mikono. "Mimi nilishamaliza upande wangu."

Mwalimu alikuwa ameshafungua kifuniko cha draivu ya kwanza, akamulika ndani na tochi, akaenda ya pili. "Hapa hakuna koili. Wala hapa."

"Haiwezekani."

"Koili nayo ikoje?" Inspekta aliuliza.

"Ni kitu cha kishamba tu, mama. Chuma kizito chenye miguu mitatu, kila mguu umezungushiwa shaba, kimepakwa vanishi. Unaifunga mbele ya draivu. Ni sawa na kumpa mlafi kijiko: anakunywa kilekile, ila taratibu."

Inspekta aligeuka. Aliinama polepole mlangoni, akafuta kwa leso yake lile donge lililomgonga kidole mara mbili. Vumbi jekundu likatoka, kisha la bluu. Chini yake kulikuwa na miguu mitatu, na shaba ikang'aa.

Chapchap akashika kichwa. Koplo, kwa mara ya kwanza siku ile, hakuwa na utani. Nyingine walizikuta uani, zimekandamiza turubai la magunia ya plastiki lisipeperuke.

"Funga moja," Inspekta alimwambia Mwalimu. "Sitaki maneno tena. Nataka kuona."

Wakazima swichi kuu. Mwalimu akafunga koili ile kwenye draivu moja, ikaning'inia nje ya kabati kwa sababu ndani haikutosha, akawasha mashine hiyo peke yake. Mita mbili zikabanwa tena kando kwa kando kwenye waya wake. Kabla ya koili zilikuwa zinatofautiana kama maji na mafuta. Sasa zilikuwa zimekaribiana, ile ya bei rahisi ikiwa chini kidogo tu.

"Vurugu haijaisha," Mwalimu alisema, "lakini imeshuka mpaka hata mita ya uongo inaanza kusema kweli. Na dawa yenyewe mlikuwa nayo. Ilikuwa imeshika mlango."

Inspekta aliutazama mlango. Koili hazikufungwa, chumba kikachemka. Kilipochemka, mtu akatafuta kitu kizito cha kuuzuia mlango upate hewa, akachukua koili. Kapasita ikapasuka kwa kukosa koili, na moto ukatoka kwa mlango ulioshikwa na koili. Alichokuwa akikitafuta siku mbili kilimuuma kidole na hakukiona. Hakufurahi hata kidogo. Lilibaki swali moja, nani aliyeiweka pale, na jibu lake alishalijua.

*

Aliiweka koili juu ya meza ya mahojiano, meza ikalia. Fundi aliitazama, akamtazama yeye.

"Hiyo si ile ya mlangoni? Afande, imefanya nini?"

"Nani aliiweka mlangoni?"

"Mimi."

"Kwa nini haikufungwa kwenye draivu?"

Fundi alijikuna shingo kwa mkono uliofungwa bandeji. "Kabati zilikuwa ndogo, haikuingia. Ingetaka kutengenezewa sanduku la pembeni. Na bosi amesimama nyuma yangu, chapchap, chapchap, kesho uzalishaji. Nikawasha bila hizo, mota zikazunguka vizuri tu. Nikasema, kama inazunguka, hizi nitazifunga siku tukisimamisha kiwanda. Hatukusimamisha. Halafu joto likaanza. Mita inasema hakuna kitu na mimi nachemka mle ndani. Nikauzuia mlango na kitu kilichokuwa karibu."

Inspekta alimweleza. Hakutumia mlafi wala uji, alimweleza kwa kifupi, kapasita, koili, mlango. Alitaka kuuona uso wake, kwa sababu huo ndio ulikuwa upelelezi wa mwisho. Mtu aliyefanya makusudi angeanza kujitetea, au angepumua.

Fundi hakujitetea. Alinyoosha kidole chenye lengelenge akagusa shaba, akakirudisha.

"Kwa hiyo ningezifunga..."

"Huenda kapasita isingepasuka."

"Na ningeufunga mlango..."

"Asingeungua."

Koplo akatazama pembeni. Mlango ukafunguka, Mkuu wa kituo akachungulia. "Jalada?"

"Si la kukusudia, afande. Picha na vipimo vipo, na Mwalimu atatoa ushahidi. La uzembe nitalifungua jingine, na halitakuwa na jina la mtu mmoja. Lina la meneja pia."

Mkuu alitazama donge la chuma juu ya meza. Akaondoka, na Inspekta akajua ameshinda, na ushindi wenyewe ulikuwa mchungu mdomoni.

"Utatoka kwa dhamana leo," alimwambia fundi. "Dada yako yuko nje. Nilimwahidi jibu."

"Usimwambie." Fundi alisimama. "Nitamwambia mimi."

Walitoka. Dada alisimama na bakuli lake kifuani, akawaangalia mmoja baada ya mwingine.

"Si yeye?" alimuuliza Inspekta.

Inspekta alimwachia fundi, kama alivyoombwa. Fundi alifungua mdomo.

"Sikukusudia, dada. Lakini ni mimi. Kulikuwa na kitu cha kufunga, sikukifunga. Nikakiegemeza mlangoni. Ule mlango niliuacha wazi mimi, kwa mikono yangu hii, ndio uliomchoma shemeji."

Mwanamke alisimama palepale. Inspekta alidhani angelitupa lile bakuli, na hangemlaumu. Badala yake alikaa kwenye benchi polepole, akalegeza fundo la kitambaa, akafungua kifuniko. Chakula kilikuwa kimepoa. Akasogea kumpa kaka yake nafasi.

"Kula," alisema bila kumtazama. "Kula upate nguvu. Maana tukitoka hapa unakwenda hospitali kumwambia mwenyewe, na mimi sitakusaidia hata neno moja."